Rojo la kari au viungo vizima: ulinganisho wa njia mbili za kupika supu laini ya mboga yenye ladha za Kithai

Anayetaka kupika supu laini ya mboga yenye tui zito na ladha za Kithai kwa kawaida huanza kwa kujiuliza anunue mboga gani, ilhali swali linaloamua mengi zaidi ni namna viungo vitakavyoingia sufuriani. Njia kuu ni mbili. Katika ya kwanza, viungo hupondwa pamoja hadi vikawa rojo, rojo likakaangwa katika mafuta ya tui, kisha mboga na maji vikafuata. Kila kilichopondwa huliwa. Katika ya pili, viungo hupigwapigwa au kukatwa vipande vikubwa tu, vikatokota taratibu ndani ya tui na maji mpaka viachie harufu yake, halafu vikaopolewa, au vikaachwa bakulini na mlaji akavipisha pembeni. Njia ya kwanza ni ya kari za Kithai, ambazo kwa lugha yao huitwa kaeng. Ya pili ni ya tom kha, supu ambayo jina lake tayari ni maelekezo ya upishi, kwa kuwa tom ni kuchemsha na kha ni khulinjani, kiungo cha ukoo mmoja na tangawizi.

Nimezipika zote mbili mara nyingi, kwa mboga za kila aina, na nimefikia msimamo kwamba mboga nyingi zina njia moja inayozifaa na nyingine inayoziharibia. Boga lililopikwa kwa viungo vizima hubaki limepooza hata ukiongeza khulinjani maradufu. Uyoga uliopikwa kwa rojo jekundu hupoteza ladha yake yote, na mlaji hawezi kujua kama anakula uyoga au biringani. Kwa hiyo inafaa kwanza kuelewa kila njia inafanya nini, ndipo mtu aende sokoni.

Rojo: viungo vinavyokaangwa

Rojo jekundu la Kithai hutengenezwa kwa pilipili nyekundu zilizokaushwa, mchaichai, khulinjani, vitunguu vidogo vyekundu, vitunguu saumu, maganda ya ndimu ya makrut, mizizi ya giligilani, pilipili manga nyeupe, mara nyingi mbegu za giligilani na bizari nyembamba, pamoja na uduvi uliochachushwa ambao Wathai huuita kapi. Rojo la kijani lina karibu vitu vivyo hivyo, ila pilipili zake ni mbichi na za kijani. Rojo la manjano lina bizari na manjano kwa wingi zaidi na ukali mdogo zaidi, na ndilo ninalompendekezea mtu anayepikia watu wasiozoea pilipili.

Siri ya njia hii iko katika dakika kumi za mwanzo, na ni dakika ambazo wapishi wengi huziruka. Mimina takriban mililita 150 za kasimile, yaani tui la kwanza lililo zito kabisa, katika sufuria pana iliyo juu ya moto wa wastani. Mwanzoni hutoa mapovu makubwa meupe na sauti yake ni ile ya maji yanayochemka. Baada ya dakika tano hadi nane mapovu huwa madogo, sauti hubadilika ikawa ya kukaanga, na pembezoni mwa sufuria huanza kuonekana vidoa vya mafuta angavu kama macho madogo. Tui limekatika. Mpishi aliyefunzwa maisha yake yote kukoroga tui bila kuacha ili lisikatike atashtuka, lakini katika kari ya Kithai hilo ndilo linalotakiwa. Ongeza vijiko vikubwa viwili vya rojo ndani ya mafuta hayo na ulikaange kwa dakika tatu hadi tano, ukiligeuza kwa mwiko, mpaka harufu kali inayokera pua itulie na mafuta yanayozunguka rojo yawe mekundu.

Sababu yake inaeleweka. Tui ni matone madogo ya mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji, na protini za nazi ndizo zinazoyazuia yasiungane. Moto huzibadili protini hizo, maji nayo hupungua kwa mvuke, na mafuta hupata nafasi ya kujitenga. Kapsaisini, ambayo ndiyo inayoleta ukali wa pilipili, huyeyuka katika mafuta lakini haiyeyuki vizuri katika maji, na ndivyo zilivyo harufu nyingi za viungo. Rojo lililokaangwa katika mafuta hutoa vilivyomo ndani yake, na mafuta hayo yakishachanganyika na supu husambaza ladha mpaka kwenye kijiko cha mwisho. Rojo lililotupwa moja kwa moja ndani ya maji yanayochemka hubaki na ladha mbichi ya kitunguu saumu, pamoja na ukali unaochoma koo bila kuwa na utamu nyuma yake. Tofauti hii ni kubwa kiasi kwamba, kama huna muda wa kukaanga, ningekushauri uache rojo siku hiyo na utumie viungo vizima.

Tahadhari moja kuhusu tui la kopo: mengi yametiwa vishikizo vya kulizuia lisijitenge, na hayo unaweza kuyachemsha nusu saa bila kuona tone la mafuta. Soma orodha ya vilivyomo. Ikiwa kuna zaidi ya nazi na maji, anza kwa kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia, kaanga rojo humo, kisha ongeza tui kidogo kidogo.

Viungo vizima: harufu bila uzito

Njia ya pili haihitaji kinu wala kukaanga. Kwa supu ya watu wanne, chukua mabua matatu ya mchaichai, ondoa maganda ya nje yaliyokauka, pondaponda sehemu nyeupe ya chini kwa upande butu wa kisu, kisha kata vipande virefu kama kidole. Kata gramu 40 hivi za khulinjani kuwa vipande vyembamba vya mviringo. Chana majani matano au sita ya mndimu wa makrut, yale yenye umbo la majani mawili yaliyoungana ncha kwa ncha, na uondoe mshipa wa katikati. Vyote hivyo vitokote katika mililita 400 za maji na tui jepesi kwa dakika 15 hadi 20, moto ukiwa mdogo na sufuria ikiwa imefunikwa, kwa sababu harufu unayoisikia jikoni ni harufu iliyokwisha kuikimbia supu. Kasimile huongezwa mwishoni, na baada ya hapo supu isichemke kwa nguvu. Hapa, kinyume na kule, tui likikatika ni kosa: supu hupata utando wa mafuta juu na maji yaliyopauka chini.

Watu huuliza kama tangawizi inaweza kushika nafasi ya khulinjani. Mimea hii ni ya ukoo mmoja, na kwa macho hufanana, lakini ulimini ni vitu viwili mbalimbali. Tangawizi ina joto na utamu kwa mbali. Khulinjani ina ukakasi na harufu inayokaribia ile ya msonobari, na nyama yake ni ngumu kiasi cha kuhitaji kisu kizito. Katika rojo, ambamo imechanganyika na vitu kumi vingine, tangawizi inaweza kuvumilika. Katika supu ya viungo vizima, ambamo khulinjani ndiyo inayosimamia ladha yote, tangawizi itakupa supu nzuri, lakini haitakuwa na ladha uliyokuwa ukiitafuta. Khulinjani ya kukausha ni afadhali kuliko tangawizi mbichi kwa kazi hii, mradi iloweshwe kwanza katika maji ya moto. Majani ya makrut yaliyogandishwa hufanya kazi vizuri sana. Yaliyokaushwa huwa yamepoteza karibu kila kitu, na badala yake ningetumia ganda la ndimu ya kawaida lililoparuzwa, likatiwa dakika ya mwisho.

Faida ya njia hii ni uwazi wake. Kila kiungo husikika peke yake, kimoja baada ya kingine: kwanza mchaichai, kisha khulinjani, na majani ya makrut huja nyuma kabisa, pumzi ikishatoka puani. Hasara yake ni kwamba haina pa kujificha. Mboga iliyolala siku nyingi, tui la ubora wa chini, maji yaliyozidi, vyote huonekana mara moja, wakati rojo jekundu huweza kufunika dosari nyingi.

Mboga ipi kwa njia ipi

Boga ni la rojo. Lina utamu, lina wanga wa kutosha kuipa supu uzito bila kuongezewa kitu, na rangi yake haipotezwi na mafuta mekundu bali hukolezwa nayo. Wathai wenyewe hulipika boga katika kari, na kwa lugha yao huitwa fak thong, ambapo thong ni dhahabu. Gramu 800 za boga lililomenywa, zikikatwa vipande vya sentimita tatu na kupikwa kwa dakika 20 katika mililita 500 za maji pamoja na rojo lililokwisha kukaangwa na tui lililobaki katika kopo la mililita 400, hutoa supu ya watu wanne inayoganda kidogo mgongoni mwa kijiko. Chagua boga lenye nyama kavu na nzito. Boga la maji mengi hufanya supu iwe nyepesi, na dawa yake ni kulioka kwenye jiko la oveni kwanza ili maji yapungue, si kuongeza unga.

Kiazi kitamu huenda njia hiyo hiyo, kwa sharti moja. Ndani yake mna kimeng'enya kinachogeuza wanga kuwa sukari kadiri kiazi kinavyopata joto polepole, kwa hiyo kiazi kilichoanzia katika maji baridi juu ya moto mdogo huwa kitamu kuliko kilichotiwa katika maji yanayochemka. Katika supu yenye tui, utamu huo huzidi haraka. Kitie wakati mchuzi tayari unachemka, usitie sukari yoyote, na uandae ndimu ya ziada. Karoti nayo ni ya rojo, hasa la manjano, ingawa huhitaji muda mrefu zaidi ya boga ili ilainike kabisa. Karoti iliyosagwa ikiwa bado ngumu katikati hutoa supu yenye chenga ambazo hakuna chujio litakalozimaliza bila kutupa nusu ya supu.

Koliflawa ni ya viungo vizima, na hapa ndipo ninapopingana na wanaoipika kwa rojo jekundu. Koliflawa iliyosagwa hutoa ulaini wa hariri ambao mboga chache huufikia, ni nyeupe, na ladha yake ni ya upole. Rojo huipa rangi ya tofali na kuifunika kabisa. Ikipikwa katika tui lililokwisha kutiwa harufu ya mchaichai na khulinjani, supu hubaki na weupe wake, na harufu ya makrut huipa uhai ambao koliflawa yenyewe haina. Angalia muda tu: gramu 700 zilizokatwa vipande vidogo hutosheka kwa dakika 12 hadi 15, na zikizidi sana huanza kutoa ile harufu ya kiberiti ya kabichi iliyopikwa mno, ambayo hakuna kiungo kitakachoiondoa.

Uyoga pia ni wa viungo vizima, na tena ningeshauri usiusage. Tom kha ya uyoga, ambayo Wathai huiita tom kha het, ni supu ya tui yenye vipande vizima vya uyoga, na ulaini wake unatoka kwenye tui peke yake. Kwa anayetaka supu ya kusagwa kwa vyovyote vile, njia ya kati ni kusaga nusu ya uyoga pamoja na mchuzi na kuiacha nusu nyingine ikiwa imechanwachanwa.

Njegere, spinachi na brokoli huvutia watu waelekee kwenye rojo la kijani, kwa sababu rangi zinapatana. Jina la kari yenyewe, kaeng khiao wan, hutafsiriwa kuwa kari ya kijani tamu, na utamu huo unahusu zaidi upole wa rangi kuliko sukari. Ladha hufaa kweli. Tatizo ni kwamba rangi ya majani huharibiwa na vitu viwili ambavyo supu hii haiwezi kuviepuka, yaani joto la muda mrefu na asidi ya ndimu. Vikikutana, kijani angavu hugeuka kuwa kijani cha zeituni ndani ya dakika chache. Tia mboga za majani dakika tatu za mwisho, saga mara moja, na uache kila mtu akamulie ndimu katika bakuli lake.

Viazi mviringo nimeviacha mwisho kwa sababu havifai peke yake katika njia yoyote kati ya hizi mbili. Kiasi kidogo, labda kiazi kimoja katika sufuria nzima, husaidia kuipa supu uzito. Vikiwa vingi na vikasagwa kwa blenda yenye kasi, chembe zake za wanga hupasuka na supu huvutika kama gundi.

Kusaga, na kinachopaswa kutolewa kwanza

Supu ya rojo husagwa pamoja na kila kitu kilichomo, kwa kuwa viungo vyake vilikwisha pondwa. Supu ya viungo vizima haiko hivyo. Kila kipande cha mchaichai, kila duara la khulinjani na kila jani la makrut lazima vitoke kabla ya blenda kuwashwa, na ninasisitiza neno kila. Niliwahi kupika supu ya koliflawa kwa ajili ya wageni, nikaopoa viungo kwa kijiko huku nikizungumza, na kipande kimoja cha mchaichai kikabaki. Blenda haikukisaga, ilikichambua kuwa nyuzi nyembamba kama nywele zilizotapakaa katika supu yote, na ingawa niliipitisha kwenye chujio mara mbili, bado nyuzi zilinasa kwenye koo za watu. Tangu hapo nafanya kwa mpangilio mwingine, ambao ningemshauri kila mtu: tokosa viungo katika mchuzi peke yake, chuja mchuzi huo, utupe makapi, ndipo uipike mboga katika mchuzi uliochujwa. Huongeza dakika chache tu na huondoa hatari yote.

Kuhusu vyombo, blenda ya mkono inayotumbukizwa sufuriani hutosha kwa boga, karoti na kiazi kitamu. Kwa koliflawa na njegere, blenda ya jagi hutoa ulaini ambao ile ya mkono haiufikii. Supu ya moto katika jagi isizidi nusu, na kizibo kidogo cha katikati ya kifuniko kiondolewe na kitambaa kizito kishikwe mahali pake, kwa kuwa mvuke ulionaswa ndani unaweza kukirusha kifuniko na kumuunguza mpishi mikono na uso.

Rojo la kopo au la kinuni

Anayechagua njia ya rojo ana uamuzi mwingine wa kufanya. Rojo la kinuni lina harufu iliyo hai zaidi, na hakuna ubishi juu ya hilo, lakini linataka kazi ya nusu saa, na kazi hiyo ina utaratibu: mbegu kavu zilizokaangwa bila mafuta zipondwe kwanza, kisha pilipili kavu zilizoloweshwa pamoja na chumvi ambayo husaidia kusugua, kisha mchaichai na khulinjani zilizokatwa nyembamba sana, na vitunguu vyenye maji vije mwisho. Ukianza na vitunguu, mchi utateleza juu ya maji na nyuzi za mchaichai hazitasagika kamwe. Blenda inaweza kufanya kazi hiyo, ila huhitaji maji ili izunguke, na rojo lenye maji mengi huchemka badala ya kukaangika. Mahali pa maji tumia kijiko cha tui au cha mafuta.

Kwa supu ya mboga iliyosagwa, naona rojo la kopo ni chaguo la heshima kabisa. Tofauti ambayo ingeonekana sana katika kari yenye vipande hupungua ndani ya supu laini ya boga, na unaweza kuifufua harufu yake kwa kuongeza bua moja la mchaichai lililokatwa nyembamba na kupondwa, pamoja na ganda la ndimu lililoparuzwa. Mambo mawili tu ya kuangalia. La kwanza ni chumvi: marojo mengi ya dukani yana chumvi nyingi, kwa hiyo usitie sosi ya samaki wala chumvi kabla ya kuonja supu ikiwa imekamilika. La pili ni uduvi. Mtu asiyekula nyama wala samaki, au mwenye mzio wa kamba na jamii yake, hawezi kudhani kwamba rojo lililoandikwa kari nyekundu ni la mboga tupu, kwa maana mara nyingi silo. Kwa mtu huyo njia ya viungo vizima ni salama na rahisi zaidi, kwani anachokitia anakiona. Sosi ya samaki inaweza kuachwa, na nafasi yake ikachukuliwa na chumvi au sosi ya soya, ingawa katika supu nyeupe ya koliflawa soya nyeusi huchafua rangi na chumvi ndiyo bora.

Wapo wanaouliza kama malai ya maziwa yanaweza kuchukua nafasi ya tui. Yanaweza kuleta ulaini, na protini za maziwa hupunguza ukali wa pilipili vizuri, pengine kupita kiasi kwa mtu aliyetaka ausikie. Lakini maziwa yenyewe yakikutana na ndimu hugandamana, na ladha ya maziwa hailingani na mchaichai. Korosho zilizoloweshwa na kusagwa ni mbadala bora zaidi kwa asiyependa nazi, maana hazina ladha ya kushindana na viungo.

Ukali na uchachu

Katika njia ya rojo, ukali huamuliwa mwanzoni na haurudishwi nyuma. Ukigundua mwishoni kwamba umezidi, kilichobaki ni kuongeza tui na mboga, yaani kupika supu nyingine kubwa zaidi. Katika njia ya viungo vizima, pilipili ndogo zilizopondwa kidogo hutiwa mwishoni, hata katika bakuli la mtu mmoja mmoja, na kwa familia yenye watoto na watu wazima mezani tofauti hiyo peke yake inaweza kutosha kuamua. Inafaa pia kukumbuka kwamba pilipili hizi asili yake ni bara la Amerika, na zilifika Thailand kupitia biashara ya Wareno katika karne ya 16. Kabla ya hapo ukali ulitoka kwenye pilipili manga, ambayo mpaka leo kwa Kithai huitwa phrik thai, pilipili ya Kithai. Supu yao ya mboga iitwayo kaeng liang bado hupata ukali wake kutoka humo. Kijiko cha chai kimoja cha pilipili manga nyeupe iliyopondwa, kikitiwa katika supu ya koliflawa au ya uyoga, huleta joto linalotulia kifuani badala ya kuchoma midomo, na mimi hulipenda kuliko la pilipili nyekundu katika supu nyeupe.

Uchachu nao una machaguo mawili. Maji ya ndimu hutiwa moto ukiwa umezimwa, kwa sababu harufu yake hupotea upesi na maji hayo yakichemshwa huacha uchungu kwa mbali. Ndiyo yanayofaa supu ya viungo vizima. Ukwaju huvumilia moto na una utamu mzito wa matunda, hivyo katika supu ya boga yenye rojo jekundu unaweza kutia kijiko kikubwa kimoja cha maji mazito ya ukwaju pamoja na kijiko cha chai cha sukari ya mnazi, vikachemka pamoja na mboga. Vyovyote utakavyochagua, onja kwa mpangilio huu: chumvi kwanza, kisha uchachu, na sukari mwisho. Supu inayoonekana kukosa kitu mara nyingi inakosa uchachu, na mpishi anayekimbilia chumvi huipitiliza.

Supu ya kesho

Ikiwa supu inapikwa leo iliwe kesho, chagua rojo bila kusita. Supu ya boga yenye rojo ikilala kwenye friji huwa imekolea zaidi asubuhi, na hata ikigandishwa na tui likajitenga wakati wa kuyeyuka, mzunguko mmoja wa blenda huirudisha ilivyokuwa. Supu ya viungo vizima hupungua kila saa inayopita, kwa kuwa harufu zake nyepesi ndizo za kwanza kuondoka. Ikikubidi kuitunza, itunze bila ndimu, ipashe moto polepole bila kuichemsha, chana jani moja jipya la makrut ndani yake dakika tano kabla ya kuipakua, kisha kamua ndimu ikiwa tayari bakulini.